Majaji Sita na Kalamu ya Rais

Kitendawili!

Tega.

Arobaini na mmoja walipelekwa kwa mwenye nyumba. Mmoja akafariki wakingoja mlangoni, thelathini na wanne wakakaribishwa ndani. Waliobaki wako wapi?

Hesabu yake haimshindi mtoto wa darasa la pili: wamebaki sita. Kinachosumbua ni hilo "wako wapi", maana jibu lake liliigharimu Kenya miaka mitatu, kesi zaidi ya moja mahakamani, na marais wawili. Mwenye nyumba ni Rais, nyumba ni Ikulu ya Nairobi, na wageni ni watu waliokwisha kuchaguliwa kuwa majaji. Hadithi hii ni ya kweli, wanangu, na wengi wa watu wake bado wako hai. Nitaisimulia kwa adabu, na nikifika kwenye maoni yangu nitawaambia kwamba haya sasa ni yangu.

Kwanza tujue jaji ni nani. Hakimu mnamfahamu: ndiye anayeketi katika mahakama ya mjini kwenu na kusikiliza kesi za kuku walioibwa na madeni yasiyolipwa. Jaji yuko juu yake. Nchini Kenya majaji wako katika Mahakama Kuu na katika mahakama mbili zenye hadhi sawa nayo, moja ya kesi za ajira na nyingine ya mazingira na ardhi. Juu ya hizo kuna Mahakama ya Rufaa, na kileleni kabisa kuna Mahakama ya Juu yenye majaji 7. Jaji akisema sheria iliyopitishwa na Bunge inakiuka katiba, sheria hiyo imekwisha. Akisema Rais amekosea, Rais anatakiwa atii. Naye jaji hana askari hata mmoja wa kumtuma. Ana kalamu, joho, na heshima ya watu kwa neno lake. Ndiyo maana tangu zamani kila mwenye madaraka hutaka kujua mapema nani ataketi katika kiti kile.

Najua kuna mmoja wenu ameshanyoosha mkono. "Kwani sheria si imeandikwa? Jaji si anasoma tu kilichoandikwa?"

Swali zuri, na watu wazima wengi hawajaliuliza. Sheria imeandikwa, ndiyo, lakini majaji wawili wenye akili timamu na moyo safi wanaweza kuusoma ukurasa mmoja wakatoka na majibu mawili. Wapo wanaoamini kwamba kazi ya jaji ni kufuata maneno kama yalivyo. Yakiwa mabaya, Bunge liyarekebishe, maana wabunge ndio waliochaguliwa na watu. Wapo wengine wanaosema maneno hayasomwi yakiwa peke yake: uliza kwanza watu walikuwa wanakimbia uovu gani walipoyaandika, ndipo utajua yanataka nini. Na katikati yao wapo wengi wanaochanganya kidogo huku, kidogo kule. Namna hiyo ya kusoma ndiyo falsafa ya jaji. Haiandikwi kwenye kadi ya chama, na jaji hatembei nayo imebandikwa kifuani. Utaiona siku ya hukumu.

Twende kwenye siku moja kama hiyo.

Tarehe 8 Agosti 2017 Wakenya walipiga kura. Tume ya uchaguzi, IEBC, ikatangaza kwamba Rais Uhuru Kenyatta amemshinda Raila Odinga kwa takriban kura milioni 1.4. Raila akaenda Mahakama ya Juu. Katiba inaipa mahakama hiyo siku 14 tu kuamua kesi ya urais, kwa hiyo hapakuwa na usingizi. Jaji Mkuu wakati huo alikuwa David Maraga, Msabato asiyefanya kazi siku ya Sabato. Alipokuwa akihojiwa mwaka 2016 kabla ya kupewa kiti, aliulizwa jambo hilo hilo: kesi ya urais ikiangukia Jumamosi utafanyaje? Na ikaangukia kweli. Kikao cha kwanza kikaanza Jumamosi saa moja usiku, jua limeshazama na Sabato imekwisha. Mimi huipenda sana sehemu hii, kwa sababu inaonyesha mtu anaweza kushika imani yake na kazi yake kwa mikono miwili bila kuangusha kimojawapo.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya fomu. Nchi ilikuwa na vituo 40,883 vya kupigia kura, na kila kituo kilikuwa na fomu yake ya matokeo, Fomu 34A. Sheria ilitaka fomu hizo zitumwe kwa mtandao pamoja na matokeo, ili kila mtu aone kwa macho yake. IEBC ilimtangaza mshindi kabla ya fomu zote kufika. Mahakama ikaagiza kompyuta kuu za tume zifunguliwe zikaguliwe, na tume haikuzifungua kama ilivyoagizwa.

Majaji walikuwa saba. Mmoja wao, Mohamed Ibrahim, akaugua kesi ikiendelea, wakabaki sita. Tarehe 1 Septemba wakatoka na uamuzi ambao haukuwa umewahi kutokea Afrika: uchaguzi wa rais aliye madarakani umefutwa, urudiwe. Wanne walikubaliana: Maraga, naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola. Wawili walipinga: Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u.

Wale wanne, katika hukumu yao, walikumbusha jambo ambalo nyinyi mnalijua kuliko wao: somo la hesabu. Mwalimu hakubali jibu tupu. Anataka umwonyeshe njia uliyopitia mpaka ukafika kwenye jibu, maana njia ndiyo ushahidi kwamba jibu ni lako na ni sahihi. Uchaguzi, walisema, una njia pia: kupiga kura, kuhesabu, kuandika fomu, kutuma, kukagua, kutangaza. Ukificha njia, huwezi kuwaambia watu waliamini jibu.

Wale wawili waliopinga hawakuwa vibaraka wa mtu. Walisema: mamilioni ya watu waliamka alfajiri wakapanga foleni wakapiga kura, na hakuna aliyetuthibitishia kwamba idadi ya kura zao ilibadilishwa. Makosa ya makarani na mitambo yasifute kauli ya wananchi ikiwa hayakugeuza mshindi. Soma hoja hiyo taratibu, utaona ina uzito. Mimi binafsi naegemea kwa wale wanne, kwa sababu tume ilipokataa kufungua kompyuta zake ilijinyima njia ya kujitetea. Ila sitamwita mpumbavu anayeegemea upande wa pili.

Na hapa kuna jambo la kutia alama. Wanjala aliyefuta uchaguzi, na Ojwang na Ndung'u waliokataa kuufuta, waliingia Mahakama ya Juu mwaka mmoja, 2011, baada ya kuhojiwa na tume moja. Mlango mmoja uliwaingiza watu wenye macho tofauti. Nitarudi hapo.

Rais Kenyatta alisema anaheshimu uamuzi. Kisha alipokuwa akihutubia watu sokoni jijini Nairobi, aliwaita majaji hao wakora, na baadaye akaahidi kwamba suala la mahakama litarudiwa. Uchaguzi ukarudiwa tarehe 26 Oktoba, Raila akasusia, Kenyatta akashinda. Lakini lile neno "litarudiwa" lilibaki likielea hewani.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu mtauliza: hiyo tume inayohoji majaji ilitoka wapi?

Zamani, yaani kabla ya Agosti 2010, Rais wa Kenya alimteua Jaji Mkuu peke yake. Majaji wengine aliwateua kwa ushauri wa tume ambayo wajumbe wake karibu wote walikuwa wateule wake mwenyewe. Alikuwa kama anashauriana na kioo. Mwaka 1988 Bunge lilikwenda mbali zaidi likaondoa kinga ya majaji, wakawa wanaweza kufutwa kazi kwa urahisi kama kibarua. Kinga ilirudishwa mwaka 1990, lakini watu walishaona. Basi uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoleta mzozo, upinzani ulikataa katakata kwenda mahakamani. Ulisema majaji ni wa mwenye serikali. Watu wakaingia barabarani badala ya kuingia mahakamani, na zaidi ya 1,000 wakauawa; mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Sisemi jaji mmoja mwema angeyazuia yote hayo. Nasema mahali pa kupeleka ugomvi pakiwa hapaaminiki, ugomvi hutafuta mahali pengine.

Ndipo katiba mpya ya tarehe 27 Agosti 2010 ikaja na mpango tofauti. Kwanza, majaji wote waliokuwepo wapigwe msasa: wachunguzwe mmoja mmoja kama wanafaa kuendelea. Mwaka 2012 bodi iliyofanya kazi hiyo, chini ya wakili Sharad Rao, iliwaondoa majaji wanne wa Mahakama ya Rufaa kwa mkupuo. Pili, Jaji Mkuu aliyekuwepo aondoke ndani ya miezi sita. Tatu, majaji wapya wachaguliwe na Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, yenye watu 11.

Wahesabuni nami hao 11, maana siri iko kwenye hesabu. Jaji Mkuu ndiye mwenyekiti. Jaji mmoja wa Mahakama ya Juu na mmoja wa Mahakama ya Rufaa, kila mmoja akichaguliwa na wenzake. Jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, mwanamke na mwanamume, wanaochaguliwa na chama cha majaji na mahakimu. Mawakili wawili, mwanamke na mwanamume, wanaochaguliwa na mawakili wenzao. Mwanasheria Mkuu wa serikali. Mtu mmoja kutoka tume ya utumishi wa umma. Na raia wawili, mwanamke na mwanamume, wasio mawakili, wanaoteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge. Sasa mpe Rais wote unaoweza kumpa: Mwanasheria Mkuu, wale raia wawili, na hata yule wa utumishi wa umma. Ni 4. Wanne kati ya 11 hawapitishi kitu peke yao. Lakini na mawakili hawapitishi peke yao, wala majaji. Kila mtu anamhitaji mwenziwe, na kila mtu anamtilia mwenziwe shaka. Ndivyo walivyotaka walioiandika.

Mtihani wa kwanza ulikuja upesi. Januari 2011 Rais Mwai Kibaki alitangaza jina la Jaji Mkuu mpya, Alnashir Visram wa Mahakama ya Rufaa, bila kungoja JSC. Mazoea ni mazito. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu, na tarehe 3 Februari Jaji Daniel Musinga akasema utaratibu huo haukufuata katiba. Fikirini: jaji mmoja anamwambia Rais hapana kuhusu mtu ambaye angekuwa bosi wake. Kibaki akaliondoa jina hilo. Lishikeni jina la Musinga, tutakutana naye tena.

Kazi ya Jaji Mkuu ikatangazwa magazetini kama kazi nyingine yoyote. Watu wakatuma maombi, wakaitwa, wakahojiwa hadharani mbele ya kamera. Aliyeshinda, Willy Mutunga, hakuwa amewahi kuwa jaji hata siku moja. Alikuwa amefundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, akafungwa bila kuhukumiwa mwaka 1982 wakati wa Rais Moi, kisha akawa mtetezi wa haki za watu. Na alivaa herini sikioni. Herini ile iliwakera baadhi ya watu kuliko jambo lingine lolote! Alipoulizwa, alijibu kwamba kama ni lazima aivue ndipo awe Jaji Mkuu, basi kazi yenyewe haitaki. Wakampa kazi na herini yake. Akiwa kazini aliwaachisha majaji mawigi, zile nywele za bandia tulizoachiwa na Waingereza, na katika hukumu zake alisisitiza kwamba katiba ya Kenya isomwe pamoja na historia iliyoizaa. Huyo, bila shaka, alikuwa wa kundi la pili katika yale makundi ya wasomaji niliyowatajia.

Sasa tumefika kwenye kitendawili.

Julai 2019, baada ya kuhoji watu kwa wiki nyingi, JSC ilipeleka kwa Rais Kenyatta majina 41: 11 ya Mahakama ya Rufaa, 20 ya mahakama ya mazingira na ardhi, 10 ya mahakama ya ajira. Katiba inasema Rais atawateua kulingana na pendekezo la tume. Kwa Jaji Mkuu na naibu wake Bunge nalo huidhinisha. Kwa hawa wengine, la. Rais akakaa na majina. Akasema idara ya ujasusi imemwambia baadhi yao wana doa. JSC ikajibu: ushahidi uko wapi, na mbona haukuletwa tulipokuwa tukiwahoji?

Mwezi ukaisha, mwaka ukaisha. Mahakama ya Rufaa ikabaki na majaji wachache na mafaili mengi. Mkisikia "mafaili" msifikirie karatasi. Fikirieni mjane anayegombania shamba na shemeji zake: kesi ameshinda chini, wamekata rufaa, na hawezi kupanda wala kuuza mpaka rufaa isikilizwe. Kila jaji aliyekosekana alikuwa na foleni ya watu kama huyo.

Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema Rais hana mamlaka ya kuchagua chagua katika orodha ile. Kazi yake ni kuteua. Hakuteua. Juni mwaka huo Maraga, mtu mpole asiyependa makelele, akasimama mbele ya waandishi wa habari akasema wazi kwamba Rais anadharau amri za mahakama. Januari 2021 akastaafu bila kuona majina yale yakiapishwa.

Kisha, tarehe 3 Juni 2021, orodha ikatoka. Mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki dunia. Walioteuliwa walikuwa 34. Sita hawakuwemo: George Odunga, Joel Ngugi, Aggrey Muchelule na Weldon Korir, waliokuwa wapande Mahakama ya Rufaa, na Evans Makori na Judith Omange, waliokuwa wawe majaji kwa mara ya kwanza.

Wanangu, tazameni hao wanne wa mwanzo. Walikuwa majaji wa Mahakama Kuu tayari. Asubuhi iliyofuata walikwenda kazini kama kawaida, wakasikiliza kesi, wakafunga watu na kuachilia watu. Kama kweli walikuwa na doa la kuwazuia kupanda ngazi, mbona hapakuwa na aliyepeleka malalamiko ili waondolewe walipokuwa? Swali hilo liliulizwa na kila kijiwe, na sikusikia jibu lililoridhisha.

Badala ya jibu, watu walikumbuka jambo lililotokea wiki tatu tu kabla. Tarehe 13 Mei 2021 majaji watano wa Mahakama Kuu walikuwa wamesoma hukumu ya BBI. Huo ulikuwa mpango wa kubadilisha katiba uliozaliwa na kupeana mkono kwa Kenyatta na Raila mwezi Machi 2018. Ulitaka kurudisha cheo cha waziri mkuu, kuongeza majimbo 70 ya ubunge, na, angalieni hili, kuweka afisa wa kupokea malalamiko dhidi ya majaji, atakayeteuliwa na Rais. Majaji wale watano wakauangusha wote. Walisema katiba ina nguzo zake za msingi, na nguzo hizo hazing'olewi kwa utaratibu wa kawaida. Lazima wananchi wenyewe waelimishwe, washirikishwe, wakutane kupitia bunge maalum la katiba, kisha wapige kura. Wazo hilo la nguzo lilitoka India, kwenye kesi ya mwaka 1973. Kati ya majaji hao watano, wawili walikuwa Joel Ngugi na George Odunga.

Je, waliachwa kwa sababu ya BBI? Majina yalikuwa yamekwama tangu 2019, kabla hukumu hiyo haijaandikwa, kwa hiyo siwezi kuwaambia ndiyo. Lakini Odunga alikuwa anajulikana siku nyingi kwa hukumu zisizoipendeza serikali, na tarehe zinakaa karibu karibu mno. Mtu akiachwa bila sababu kutajwa, kila mtu atajitajia yake.

Ila sikilizeni kilichoipata hukumu yenyewe. Serikali ilikata rufaa. Agosti 2021 Mahakama ya Rufaa ikaketi na majaji saba, na aliyeongoza ni nani? Daniel Musinga, yule aliyemwambia Kibaki hapana miaka kumi nyuma, sasa akiwa rais wa mahakama hiyo. Wengi wao wakakubaliana na wale watano. Kesi ikapanda tena, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu ikasema: lile wazo la nguzo halina nafasi katika katiba ya Kenya, Ngugi na wenzake walikwenda mbali mno. Lakini ikasema pia kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko kwa kupitia njia ambayo katiba imewawekea wananchi wa kawaida. BBI ikabaki chini.

Hapa ndipo maoni yangu, na nayasema bila kumung'unya maneno. Jaji anayesoma sheria kwa namna usiyoipenda ana dawa yake, nayo ni rufaa. Mmeona: Ngugi na Odunga walisahihishwa na wakubwa wao, kwa hoja, mchana kweupe, na sababu zikaandikwa. Jaji mwenye tabia mbaya naye ana dawa yake. Naibu Jaji Mkuu wa kwanza chini ya katiba hii, Nancy Baraza, alituhumiwa mwishoni mwa 2011 kwamba alimfinya pua mlinzi wa duka kubwa aliyetaka kumkagua, na kumtishia kwa bastola. Mlinzi! Mtu wa mshahara mdogo kuliko wote mlangoni pale. Malalamiko yakasikilizwa na jopo lililoongozwa na Augustino Ramadhani, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, likaona Baraza hafai kuendelea, naye akajiuzulu mwaka 2012. Mlango wa kumtoa jaji upo na unafunguka. Kwa hiyo Rais anayekataa jina bila kuleta ushahidi anajipa dawa ya tatu ambayo katiba haikumpa.

Mwingine atanikatiza: "Lakini Rais tumemchagua kwa mamilioni ya kura. Hawa 11 wa tume nani aliwachagua?" Ni hoja ya haki, na nchi nyingi zinaifuata. Tanzania, Rais huwateua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, na akishashauriwa, uamuzi ni wake. Marekani, Rais hupendekeza na Seneti huidhinisha, na majaji tisa wa Mahakama ya Juu huketi humo maisha yao yote. Lakini tazameni kule kulivyokwenda. Antonin Scalia, bingwa wa kusoma maneno kama yalivyoandikwa, alipitishwa na Seneti mwaka 1986 kwa kura 98 kwa 0. Watu wa vyama vyote viwili walimkubali. Alipofariki Februari 2016, Rais Obama akampendekeza Merrick Garland, na maseneta wa chama pinzani wakakataa hata kumwita wamsikilize. Kiti kikakaa kitupu zaidi ya mwaka mzima mpaka rais mwingine akaja na mtu wake. Siku hizi Wamarekani wengi wanaweza kukisia jaji atapiga kura wapi kwa kuuliza tu nani alimteua. Kenya bado hatujafika huko. Wanjala, Ojwang na Ndung'u waliingia kwa mlango mmoja wakatofautiana, na hiyo kwangu ni dalili ya afya.

JSC nayo si malaika. Wajumbe wake hufanya kampeni, mawakili hugombania viti vyake kama viti vya ubunge, na maswali mengine ya wahojaji yamewahi kuwa ya kuudhi. Siasa haikufa mwaka 2010. Ilihama kutoka chumba kimoja kilichofungwa, ikaenda kwenye ukumbi wenye viti 11 na kamera.

Na wale sita? Oktoba 2021 majaji watatu wa Mahakama Kuu walimpa Rais siku 14 awateue. Siku 14 zikapita. Kenyatta akamaliza muda wake bila kuwateua. Tarehe 13 Septemba 2022 William Ruto akaapishwa kuwa Rais katika uwanja wa Kasarani, na katika hotuba yake ya kwanza akatangaza kwamba atawateua wale sita alasiri hiyo hiyo. Kesho yake wakala kiapo Ikulu.

Msimpigie makofi marefu sana, lakini. Januari 2024 Ruto huyo huyo, mahakama zilipoikwamisha mipango ya serikali yake, alisema kuna majaji wala rushwa na kwamba hatawatii. Mawakili wakaandamana. Rais anayemkubali jaji leo anaweza kumchukia kesho, na ndivyo inavyopasa kuwa ikiwa jaji anafanya kazi yake.

Jaji Mkuu wa sasa ni Martha Koome, mwanamke wa kwanza kushika cheo hicho nchini, aliyeapishwa Mei 2021. Alizaliwa mwaka 1960, na katiba inawastaafisha majaji wakifika miaka 70. Kwa hiyo kufikia 2030 kazi hiyo itatangazwa tena magazetini, na wengi wenu mtakuwa na vitambulisho mfukoni. Mahojiano hufanywa mbele ya watu, na raia yeyote anaruhusiwa kuiandikia tume analolijua kuhusu mwombaji. Yatazameni. Wakimuuliza mwombaji kuhusu mavazi yake au ndoa yake, nendeni mkanywe chai. Wakimuuliza anaisomaje katiba, na angefanya nini Rais akikataa kutii amri yake, rudini mkae.